Tarehe Thelathini na Moja, Juni

Walipatana katika saiba moja ya Kenyatta Avenue, watu wakiwa wamepiga foleni ya printa. Pranav, shati jeupe, viatu viking'aa, alikuwa akiigonga kibodi kwa hasira.

"Boss, hiyo kompyuta haijakukosea," Wawira akamwambia.

"Sasa nani amenikosea?"

"Vidole vyako."

Alicheka, na kicheko kile kikamkaa Wawira moyoni. Kufikia Mei walikuwa wapenzi, binti wa wakulima wa Molo na mwana wa wenye duka la vitambaa. Watu walinong'ona. Wawira hakujali, mwaka huo wa 2008 alikuwa amechoka kuambiwa akae na nani.

"Mwisho wa Juni utakutana na Mama," Pranav akasema. "Nita-book meza kwa ile website ulitengenezea hoteli. Tarehe utaona kwa email, sweetie."

Email ikaja: Julai mosi. Siku hiyo Wawira alivaa gauni la kijani, akangoja hotelini mpaka chai ikapoa. Akapiga simu.

"Mama alikungoja jana, mwisho wa Juni kama nilivyosema, masaa mawili," Pranav akasema. "Nilikupigia, ukawa mteja, hupatikani."

"Jana? Meza ni ya leo."

"Wawira, kama uliogopa, sema tu."

Akakata simu.

Wawira alirudi saiba machozi yakimtoka, akafungua rekodi za hoteli. Pranav alikuwa amechagua tarehe 31, Juni. Kwake kila mwezi huisha thelathini na moja. Fomu ya website ilipaswa kumkatalia. Badala yake, programu aliyoiandika Wawira ilikuwa imeisogeza siku hiyo hadi Julai mosi, kimya kimya. Alikuwa amekagua kwamba mteja amejaza namba, hakukagua kama siku yenyewe ipo. Aliandika mistari minne ya kukataa tarehe kama hizo, kisha akashika njia ya dukani kwa kina Pranav.

Duka lilijaa wateja. Mama Falguni, mamake Pranav, ndani ya sari ya zambarau, alikuwa akipima na kukata kitambaa.

"Mama, kosa ni langu," Wawira akasema mbele ya wote. "Fomu yangu ilikubali siku yenye haiko. Pole sana kwa kukungojesha."

"Na kijana wangu?"

"Kumpenda si kosa. Hiyo siombi msamaha."

Mkasi wa Mama Falguni ukasimama. Pranav akatoka nyuma ya kaunta, akaja kusimama kando ya Wawira.

"Mama, ni mimi nilijaza hiyo thelathini na moja."

"Hata siku za mwezi hujui, na unataka kuoa?"

"Nataka."

Hapo Pranav akakumbuka kwamba hajamuuliza Wawira mwenyewe. Akamwinamia Wawira sikioni.

"Uliza kwa sauti," Wawira akasema. "Wasikie wote."

Akauliza.