Ameuliza Shangazi Yako

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika wateja wakati mikono ya wateja wawili ilipokutana juu ya kipaza sauti kimoja, cha mwisho rafuni. Mwanamke alivaa baibui la kijani na raba nyeupe. Mwanamume alikuwa na ovaroli na bisibisi mfukoni.

"Samahani kaka, nina mhadhara kesho."

"Na mimi nina msikiti mzima haumsikii imamu, dada. Mhadhara wa nini?"

"Isimu. Nachunguza mawasiliano ndani ya Qurani: nani anasema, nani anaambiwa, nani yuko katikati."

"Basi chukua. Ila kesho nakuja kukufungia mwenyewe."

Alikuja, akafunga, akabaki kusikiliza. Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Fundi, hilo ni swali au salamu?"

"Ni kisingizio cha kusikia sauti yako."

Mwaka haujaisha, shangazi wa Fundi akabisha hodi nyumbani kwa kina Mwalimu, akamposea mbele ya mama mtu. Mwalimu alikuwa jikoni, hana habari. Jioni alipiga simu, sauti kavu.

"Umemtuma shangazi?"

"Nilitaka kukuheshimu, mpenzi."

"Kila siku unaniuliza mwenyewe kama nimekula. Hili ndilo la kumpa mtu mwingine?"

Akakata. Hakupokea tena simu zake.

Chuo kilipoandaa mhadhara wa hadhara, Fundi ndiye aliyeitwa kusimamia mitambo. Mwalimu alipanda jukwaani bila kumtazama.

"Ndani ya Qurani watu wanamuuliza Mtume mambo mengi," alisema. "Mara nyingi jibu linaanza na 'Sema'. Mtume anaagizwa afikishe. Lakini waja wanapouliza habari za Mungu mwenyewe, neno hilo halipo. Mungu anajibu moja kwa moja kwamba yuko karibu. Kukosekana kwa neno moja kunaleta ukaribu wote huo."

Fundi alijua anasemwa yeye. Ukumbi ulipobaki mtupu, alimfuata.

"Niliogopa kusikia hapana kwa masikio yangu. Ndiyo maana nikamtuma."

"Na sasa?"

"Bado naogopa. Utakubali nikuoe?"

Mwalimu alikunja karatasi zake taratibu, kisha akamtazama usoni.

"Nakubali. Mwambie shangazi arudi kwa mama. Safari hii uje naye."