Mate ya Mama Despina

Mimi ni Jumbe bin Fahad bin Yasini, wa Tanga. Babu yangu Yasini alikuwa msuluhishi wa ndoa mtaani kwake hadi alipofariki, na baba yangu Fahad alifundisha watoto kusoma bila mtu kumshuku hata siku moja kwa neno la uongo. Nyumba yetu haikujulikana kwa mali. Ilijulikana kwa kutomsengenya mgeni. Haya nayasimulia kwa shukrani, kwa kuwa yalianzia katika duka la mkamwana wangu Nasra, hapa ugenini Fordsburg, kusini mwa Afrika, na Mungu alinijalia kuyaona yakiisha vyema.

Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa tele. Brigitte Van Hove, mwalimu wa Kifaransa katika chuo kikuu kule Braamfontein, alikuwa ameinama juu ya gunia la samaki wakavu, akiwanusa mmoja mmoja. Alivaa gauni la kitani la rangi ya mchanga, na nywele zake za manjano alikuwa amezifunga kwa kitambaa cha buluu. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye nyusi nzito, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko. Alipochoka kungoja, alimwambia Nasra kwa Kiswahili, akidhani yu salama, kwamba mzungu huyu atanunua samaki kisha akampe paka wake.

Brigitte hakugeuka. "Paka wangu anakula nyama ya kopo," alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi. "Samaki wa Kasenga ninakula mwenyewe, kwa ugali. Na wewe, nani amekuambia kwamba mzungu hapa ni mimi peke yangu?"

Nasra alicheka hadi akauegemea mzani. Kijana alitahayari, akaomba radhi, akajitaja: Alexis Kalafatis, Mgiriki, muuza vipuri vya magari kule Malvern, kando ya barabara ya Jules. Babu yake alikuwa akinunua samaki Kasenga, ukingoni mwa Luapula, na kuwauza Lubumbashi. Brigitte naye alizaliwa Lubumbashi, binti wa mhandisi wa migodi, Mbelgiji. Walikulia mji mmoja wasionane, kwa maana Wabelgiji wa mgodini walikaa katika nyumba za bustani, na Wagiriki walikaa nyuma ya maduka yao karibu na soko. Wenyeji waliwaita wote wazungu. Wao kwa wao walikuwa na ngazi, na kila mmoja alijua amewekwa ngazi gani.

Tangu siku ile simu hazikukatika.

"Umekula?" Alexis aliuliza kila jioni.

"Nimekula. Wewe huna swali jingine?"

"Nasikia kwenu Ubelgiji mgeni anahesabiwa viazi. Lazima nihakikishe."

"Nami nasikia kwenu mzani huwekewa kidole."

"Kidole hicho ndicho kitakachokuvika pete, sheri, mpenzi wangu."

Brigitte alicheka hadi machozi, kisha akikumbuka kwamba bado hajamwambia baba yake, kicheko kilimkauka. Papa Joris alikuwa mjane, mtu wa tai na koti hata wakati wa joto, na kwake neno Mgiriki lilimaanisha kelele na hila. Hatimaye alimwambia. Mzee alisema kwamba atakwenda kuwaona watu hao, kwa ajili yake tu.

Walialikwa Jumapili, baada ya Pasaka ya Wagiriki. Brigitte alivaa blauzi ya hariri nyeupe, na Papa Joris akachukua sanduku la chokoleti. Meza ilisheheni mikate ya jibini, zeituni na samaki, na Alexis alikuwa uani akigeuza nyama ya mwanakondoo juu ya makaa. Mama Despina, mama yake, aliyevaa nguo nyeusi tangu afiwe na mumewe, alitoka jikoni akifuta mikono. Aliushika uso wa Brigitte kwa viganja viwili, akamtazama mpaka machozi yakamlenga, akanong'ona maneno ya Kigiriki. Kisha akamtemea mate mara tatu. Matone yakaangukia ukosi wa hariri.

Papa Joris aliliweka sanduku mezani, akamshika binti yake mkono. Alisema kwa Kifaransa, lugha ambayo yule mama aliifahamu vizuri, kwamba watu wa dukani watabaki kuwa watu wa dukani. Alexis alipoingia na sinia la nyama, gari lao lilikwisha fika kwenye roboti, zile taa za barabarani.

Jioni Alexis alipiga simu.

"Chakula chetu kilikuwa na kasoro gani, Brigitte?"

"Muulize mama yako alichonifanyia."

"Mama yangu analia tangu mchana. Anasema baba yako ametuita watu wa dukani. Alisema, hakusema?"

Brigitte hakuweza kukana.

"Basi," alisema Alexis taratibu, "nilidhani wewe si kama wao."

"Nami nilidhani kwenu ni watu waliostaarabika."

Neno lilikwisha mtoka, na halikuwa na njia ya kurudi. Alexis alikata simu. Kila mmoja akabaki na yale aliyokuwa ameambiwa tangu utotoni, na kila mmoja akaona kwamba waliomwambia hawakukosea.

Papa Joris alimtafutia binti yake kazi ya ualimu katika mji wa Gent, kwao Ubelgiji, naye akaikubali kwa uchovu tu. Siku chache kabla ya safari alipita Fordsburg kumuaga Nasra. Pale dukani alimkuta Mama Despina, amempakata kitoto kichanga cha binti yake. Brigitte alirudi nyuma ya magunia ili asionekane.

Nasra alikipokea kitoto, akakiinua. "Tazama macho haya, mashaallah."

Uso wa Mama Despina ulibadilika kwa hofu. Alisogea upesi, akakitemea kitoto mate mara tatu, ftu, ftu, ftu, kisha akajitemea kifuani mwake mwenyewe. Nasra hakushangaa. Alisema amefanya vyema, kijicho hakina huruma kwa watoto.

Brigitte alitoka alikojificha.

"Mama, huyu ni mjukuu wako?"

"Ni roho yangu."

"Mbona unamtemea mate?"

Mama Despina alimtambua, akasita. "Mwanangu, kwetu tunatemea kile tunachoogopa kukipoteza. Kitu kikiwa kizuri mno, jicho baya hukifuata. Siku ile ulipoingia kwangu niliogopa. Nikasema, huyu nisipomkinga, nitanyang'anywa." Akatazama chini. "Na nilinyang'anywa."

Brigitte alimkumbatia pale pale, kitoto kikiwa katikati yao, akamshukuru, akamwomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, mpaka Nasra akamletea kiti.

Nyumbani alimkuta baba yake mezani, anakunywa supu. Alimweleza yote. Mzee alijibu kwamba iwe mila au isiwe mila, ni uchafu, na watu hujulikana kwa mambo kama hayo.

"Papa," alisema Brigitte, "wewe ni mtoto wa mkulima wa Flandria. Ulipoanza kazi mgodini, Wabelgiji wenzako wasemao Kifaransa waliigiza matamshi yako na kukucheka. Ulinisimulia mwenyewe kwamba ulikula peke yako mwaka mzima. Uliapa nini?"

Kijiko kilisimama hewani. "Niliapa kwamba mtoto wangu hatakaa mezani peke yake."

"Basi mimi nakwenda Gent kukaa peke yangu."

Papa Joris aliinuka, akavaa koti.

Walimkuta Alexis dukani kwake, mikono imejaa mafuta ya gari. Hakuwakaribisha wala hakuwafukuza.

"Mesie Kalafatis," alisema mzee, amesimama wima kama askari, "neno nililolisema nyumbani kwa mama yako ni la mtu aliyesahau alikotoka. Nimekuja kulifuta, na nitakwenda kulifuta mbele yake." Akanyoosha mkono. Alexis alionyesha viganja vyake vichafu. Mzee aliushika mkono ule hivyo hivyo, na mafuta yake.

"Nami nilisema neno baya," alisema Brigitte.

"Nami sikuuliza kilichotokea. Nilikuwa na jibu tayari." Alexis alimtazama. "Nasra aliniambia unahama. Gent kuna baridi?"

"Kali."

"Utakwenda?"

"Ukiniambia niende."

"Eish, Brigitte, mbele ya baba yako?" Alivuta pumzi, akamgeukia mzee. "Papa, namwomba binti yako."

"Muulize mwenyewe. Mimi leo nimekwisha sema mengi."

Alexis hakuhitaji kuuliza. "Ndiyo," alisema Brigitte. "Lakini nawa mikono kwanza."

Ninamshukuru Mungu kwa ndoa ile, iliyotuketisha meza moja Wagiriki, Wabelgiji na sisi wa Tanga. Nanyi wajukuu zangu, mnaocheka Kiswahili cha Mkongo na kumbeza jirani kwa kazi ya baba yake, nisikilizeni. Ukidhani umetukanwa na mtu usiyezijua desturi zake, muulize kabla hujaondoka mezani pake. Siwaombi. Nawaamuru.