Pini Kwenye Unyayo wa Bibi

Kila alasiri Morven alipotoka shule alimkuta bibi yake, Senga, ameketi jikoni, chupa ya soda mbele yake. Waliishi wawili tu, ghorofa ya tatu, mashariki mwa Glasgow. Bibi alisafisha ofisi za watu tangu alfajiri hadi mchana.

Siku moja simu ililia. Bibi akatikisa kichwa.

"Bibi ametoka," Morven akajibu, kama alivyozoea. Ilikuwa mara ya nne kumdanganya muuguzi wa zahanati.

"Wananitakia nini hao?" Bibi alicheka. "Wanipime, halafu waninyime soda? Afadhali waninyime pumzi! Na nikikosa kazi, nani atatulisha?" Akanywa tena. Siku hizi kiu yake haikuisha.

Bibi alipoinuka kuosha vyombo, Morven aliona damu sakafuni, hatua baada ya hatua, kutoka mlangoni.

"Bibi! Mguu wako!"

"Una nini?"

Morven akamvua kiatu. Soksi ilikuwa imelowa. Pini ya kubandikia karatasi ilikuwa imezama unyayoni, kikabaki kichwa chake tu.

"Haikuumi?"

Bibi aliutazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sisikii kitu," alinong'ona. Mzaha wote ulimkauka mdomoni.

Morven alishika simu, akapiga zahanati. "Bibi yupo," akamwambia muuguzi. "Alikuwepo siku zote. Mimi nilidanganya. Tusaidieni!"

Saa ile ile wakaitwa zahanati. Muuguzi Lorna aliitoa pini, akamchoma Bibi kidole, akasoma kipimo. Akapima tena, kama asiyeamini macho yake.

"Sukari yako imepita kiasi mara nne, Mama Senga. Huenda umekuwa na kisukari kwa miaka mingi, nacho kimeua hisia za miguu. Jeraha hili lingeoza bila wewe kujua. Tungekuwa tunazungumzia kuukata mguu."

Bibi, ambaye hakuwahi kulia mbele ya Morven, alilia.

Jeraha lilichukua wiki saba kupona. Bibi alianza dawa, akaacha soda kwa manung'uniko mengi. Siku ya mwisho ya kufunga bandeji, Muuguzi Lorna alimgeukia Morven.

"Sisi nasi tulikosea. Tulimpangia miadi ya asubuhi mtu aliyeko kazini, tukadhani hajali. Sasa atakuja jioni. Lakini wewe, mwanangu, ukimfichia mgonjwa ugonjwa wake, unaulinda ugonjwa, humlindi yeye. Kisukari hakipigi kelele. Anayesubiri maumivu ndipo apimwe, huenda yasije kabisa."