Sidii Kutoka Maskati

Harufu ndiyo iliyotangulia. Zakia alikuwa akipanga makava ya sidii kwenye rafu, saa tisa mchana, jua la Tunduma likiwaka juu ya foleni ya malori ya mpakani, akasikia udi. Akageuka. Hapakuwa na chetezo wala mteja. Alikuwapo mumewe tu, Aziz, ameinama mbele ya deki.

"Umechoma udi?"

"Udi wa nini? Mimi nachoma sidii," Aziz alijibu akicheka.

Sidii yenyewe ililetwa asubuhi na Masudi, mwenye malori mawili, mtu wa Tanga. Shangazi yake alikuwa amefariki Maskati, na ndugu wa huko walimtumia picha zake za mwisho. Deki ya Masudi iliikataa, ikaandika kwamba sidii hiyo ni ya kanda nyingine ya dunia. Kwa Aziz hilo lilikuwa jambo dogo. Sidii za Amerika, za Japani, zote alizifungua: alibonyeza namba anazozijua kwenye rimoti, deki ikaacha kuuliza sidii imetoka wapi, kisha akatoa nakala inayocheza popote.

Safari hii picha ilipotokea, walimwona mwanamke amekaa chini, amefunikwa shuka jeupe gubigubi, amezungukwa na wanawake wanaopiga matari na kuimba Kiarabu. Mara matari yakanyamaza. Chini ya shuka sauti ikauliza, kwa Kiswahili safi:

"Nani amenifungulia?"

"Mimi," Aziz akajibu, kama mtu aliyepigiwa hodi.

Deki ikazimika yenyewe.

Tangu hapo Aziz hakula. Kesho yake mchana Zakia alimkuta chumbani amejifunika shuka, anayumba mbele na nyuma, na kila alipomsogelea ile harufu ya udi ilizidi kugeuka, ikawa kama nyama iliyooza juani, na chini ya shuka, pale ambapo alijua pana kifua cha mumewe, ikatoka sauti ya mwanamke mzee iliyocheka taratibu, ikakohoa, ikacheka tena, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu na asiye na haraka ya kuondoka.

Alikimbia peku hadi kwa Masudi. Masudi alisikiliza, akawapigia simu ndugu zake wa Maskati, kisha akafunga mlango, akasema kwa kunong'ona:

"Sikujua, shemeji. Wallahi sikujua. Waliniambia ni picha za kumuaga. Nimewapigia simu sasa hivi ndio wananieleza: siku ile walikuwa wakimpunga jini, na shangazi akafia palepale, chini ya shuka. Jini hakutoka."

"Basi katoka kwetu," Zakia alisema, akaanza kulia.

Masudi alimleta Bi Zuleha, mama mfupi aliyeuza mchele wa Kamsamba sokoni na kuwasomea wagonjwa. Mlangoni alimshika Zakia mkono.

"Mwanangu, atakuita. Atakuita kwa sauti uipendayo. Usimwitike. Mumeo alimjibu neno moja tu, na unaona mwenyewe."

Akaingia, akaanza kusoma. Vyombo vikagongana kabatini. Shuka likavimba kama kwamba wamekaa watu wawili ndani yake, na kutoka humo Zakia akamsikia mama yake mzazi, aliyezikwa mwaka wa jana, akilalamika kwa unyonge: "Zaki, mwanangu, huku giza. Niitike tu nijue ulipo." Zakia aling'ata kanga yake mpaka meno yakauma, machozi yakimtiririka, na Bi Zuleha akapaza sauti, akasoma, akasoma, hadi Aziz akapiga yowe, akatapika maji meusi, akaanguka.

Sidii wakaivunja na kuichoma moto.

"Huyu ameachwa," Bi Zuleha alisema, akijifuta jasho. "Mpeni uji."

Aziz alikunywa uji. Alasiri akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akatoka uani kutawadha. Zakia, akisonga ugali jikoni na kumshukuru Mungu kwa kila mzunguko wa mwiko, akasikia anaitwa kwa sauti ya mumewe, ile nzito ya upole:

"Zakia, mke wangu."

"Abee," akaitika.

Akainua macho dirishani. Aziz alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, mashavu yamejaa maji ya kusukutua, anautazama mlango wa chumbani kwao.