Boti Isiyolowekwa

Kila mwaka, barafu ya ziwa ikishayeyuka na matete kuanza kuchipua, jioni za Hilla zilikuwa mali ya mama yake mdogo, Raili. Raili aliendesha kambi ya michezo ya majini kwa watoto wa kijiji, na kabla ya shule kufungwa kila kitu kilipaswa kuwa tayari. Hilla akirudi kutoka shuleni alikula mkate wake na samaki wa kuokwa, akavaa buti za mpira, kisha akashuka ziwani kusugua mitumbwi, kupaka makasia vanishi na kuwafukuza buibui waliohamia kwenye jaketi za kuokolea.

Hilla alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa mvivu. Lakini kazi moja ilimshinda, nayo ni kuloweka boti ya mbao. Majira yote ya baridi boti hiyo ilikaa bandani, mbao zake zikikauka na kuachana mpaka mwanga ukapenya katikati. Dawa yake ilikuwa kuisukuma kwenye maji ya kina kifupi, kuijaza maji mpaka ikalie mchanga, na kuiacha hapo siku kadhaa. Mbao zikishakunywa maji huvimba na kubanana, na nyufa hujifunga zenyewe. Mgeni angeona ni wazimu kuzamisha boti ili isizame, ila watu wa pale walifanya hivyo kila mwaka na hakuna aliyeshangaa.

Mwaka huo Raili alikwenda mjini kwa mafunzo ya uokoaji. Kabla ya kuondoka aliiburuta boti hadi ufuoni, akamwachia Hilla kazi ya kuiloweka. Hilla aliingia majini, na baridi ikampanda mpaka magotini. Akamwaga ndoo moja ndani ya boti, akamwaga nyingine, na maji yote yakatokea kwenye nyufa kama vile boti inamcheka. Hapo ndipo alipofika rafiki yake Sohvi na baiskeli.

“Bado unacheza na ndoo? Wenzako wote wako uwanjani,” alisema Sohvi.

“Naloweka boti.”

“Boti ina miguu, itakukimbia? Twende bwana, utamalizia kesho.”

Kesho yake mvua ilinyesha. Keshokutwa kulikuwa na mtihani wa hesabu. Boti ikabaki palepale ufuoni, na Raili alipopiga simu kuuliza kama imekwisha kulowekwa na kutolewa maji, Hilla alijibu, “Ndiyo, tayari.” Neno lilimtoka kirahisi mno. Alijiambia kwamba mvua nayo ni maji.

Jumamosi ya ufunguzi, wazazi walisimama ufuoni wakinywa kahawa na kula maandazi ya mdalasini. Raili aliyefika asubuhi hiyohiyo aliikuta boti imelowa ndani, akaridhika. Aliwavalisha jaketi watoto watatu wadogo, mmoja wao akiwa Eemil, mdogo wake Hilla, akawapakia ili wakamsaidie kutia maboya mahali pa mashindano. Akamwita na Hilla. Hilla aliingia kwa sababu hakujua aseme nini.

Walikuwa wamepita matete tu Eemil aliposema soksi zake zimelowa. Raili alicheka, akasema boti ya mbao siku ya kwanza huvuja kidogo, itakoma yenyewe, akaendelea kupiga makasia kuelekea kilindini. Na kweli, boti iliyolowekwa vizuri ingekoma. Hilla alitazama maji yakipanda kati ya buti zake. Jaketi zingewafanya watoto waelee, lakini baridi ya ziwa lile isingewahurumia, na ndani ya boti yeye peke yake ndiye aliyejua.

“Mama mdogo, haitakoma,” alisema. “Sikuiloweka. Nilikudanganya.”

Raili aligeuza boti, akawaambia watoto wakae chini watulie, akamrushia Hilla kopo. Hilla alichota maji bila kupumua vizuri, akimwaga nje, akichota tena, na bado yalipanda mpaka kwenye vifundo vya Eemil. Kisha boti ikakwaruza mchanga. Wazazi waliingia majini na viatu vyao, wakawabeba watoto, ambao walidhani huo ndio mchezo wenyewe na wakataka kurudia. Hilla alikaa ufuoni akalia, kwa aibu kidogo, na zaidi kwa sababu wote walikuwa nchi kavu.

Mchana ule watoto wa kambi walileta ndoo, wakaijaza boti maji mpaka ikakalia mchanga. Sohvi naye alikuja, akachota kuliko wote.

Katikati ya wiki waliiinua, wakamwaga maji yake na kuisukuma ielee. Watoto walishavaa jaketi zao. Hilla alipapasa ubao mmoja mmoja, na karibu na omo, mbele ya boti, vidole vikakuta maji yakichuruzika. Nyuma yake walikuwa wakimhimiza aharakishe.

“Bado,” alisema.

“Aah, Hilla nawe!” Sohvi alilalamika.

Raili alishusha pumzi ndefu, akacheka, akamshika Hilla begani.

“Hata mimi ile kazi ya ndoo siipendi,” alisema. “Ukichoka niambie umechoka, nitakuja tuimalize pamoja, hakuna atakayekula mwenzake. Lakini jua jambo moja. Ukiniambia ‘bado’, mimi nasubiri tu. Ukiniambia ‘tayari’, napakia watoto.”