Paa la Kutupia Jino

Sekela ana miaka sita. Kwao ni Tukuyu, kwenye milima, mvua na baridi.

Likizo ilipofika, Sekela, Mama na Baba walisafiri mpaka Mikindani. Mikindani ni mji mdogo wa zamani, kando ya bahari.

Walipanga chumba kwa Bi Somoe. Nyumba ya Bi Somoe ni ya mawe. Kuta zake ni nene, na mlango wake umechongwa maua. Tena ni ndefu. Ndefu, ndefu, ndefu kwenda juu.

"Shikamoo, Bibi," alisema Sekela.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Bi Somoe. "Karibu. Hapa ni kwenu."

Alasiri moja walikaa barazani, nje ya nyumba, wakitafuna korosho. Kru, kru, kru.

Kisha, tik.

"Korosho hii ni ngumu," alisema Sekela. Akaitoa mdomoni, akaitazama.

Haikuwa korosho. Lilikuwa jino lake la mbele.

Baba akacheka. "Kibogoyo wangu, sasa muhogo utaulaje?"

"Nitautafuna kwa pembeni," alisema Sekela.

Lakini yeye hakucheka. Alikuwa anatazama juu.

Kwao Tukuyu, jino la mtoto likitoka, mtoto hulitupa juu ya paa. Hulitupa siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Na husema hivi:

"Paa, paa, pokea jino.
Unipe jingine jipya."

Paa la kwao ni la bati, tena liko chini. Ukirusha jino, linalia ko! Basi, limefika.

Lakini paa la Bi Somoe lilikuwa mbali, huko juu kabisa.

Sekela akasimama njiani, mbele ya nyumba.

"Paa, paa, pokea jino.
Unipe jingine jipya."

Akarusha. Jino likagonga ukuta. Ti! Likarudi chini.

Mama akajaribu. Ti! Likarudi chini.

Baba akavua viatu. Akarudi nyuma hatua tano. Akarusha kwa nguvu zake zote.

Ti! Jino likarudi, likampiga puani.

"Aisee," alisema Baba, akishika pua. "Jino hili bado linang'ata."

Mama akacheka. Sekela akaokota jino lake.

"Paa halilitaki," alisema polepole. "Jino jipya halitakuja. Nitakuwa na pengo mpaka niwe bibi."

Bi Somoe akatoka ndani. Mikono yake ilikuwa na unga.

"Kuna nini huku? Mbona mnaipiga mawe nyumba yangu?"

"Si mawe, Bibi," alisema Sekela. "Ni jino."

Akamweleza yote. Bi Somoe akasikiliza mpaka mwisho.

"Nina banda la kuku uani," alisema. "Paa lake liko chini. Tulitupe pale?"

Sekela akafikiri. Akatikisa kichwa.

"Hapana, Bibi. Kuku hawana meno."

"Ni kweli," alisema Bi Somoe. "Hilo sikuliwaza."

Jua likashuka kidogo. Kisha likashuka tena.

Sekela akaitazama ile nyumba, kutoka chini mpaka juu. Akauliza, "Bibi, watoto wa zamani wa nyumba hii walitupa wapi meno yao?"

Bi Somoe akapangusa unga wa mikononi kwenye kanga yake. Halafu akatabasamu.

"Lo, nimezeeka mpaka nimesahau. Njoo, mjukuu wangu. Twende upesi."

Wakapanda ngazi. Tap, tap, tap. Ngazi zilikuwa nyingi. Mama na Baba wakafuata nyuma. Tap, tap, tap.

Bi Somoe akafungua dirisha la mbao. Kwiii.

"Chungulia," alisema.

Sekela akachungulia. Chini yake kulikuwa na ua. Na uani kulikuwa na jiko dogo, lenye paa la makuti.

"Mimi nilitupa jino langu pale," alisema Bi Somoe. "Mama yangu alitupa pale. Na mama yake pia."

"Lakini sisi tunatupa juu," alisema Sekela.

"Sisi tunatupa chini," alisema Bi Somoe. "Paa halijali."

Sekela akalishika jino lake kwa nguvu.

"Lakini mimi ni mgeni, Bibi. Paa lako halinijui."

"Jino lako limetoka barazani kwangu. Basi wewe ni mtoto wa nyumba hii. Ngoja niliambie paa."

Bi Somoe akatoa kichwa dirishani, akaita, "We paa! Huyu ni Sekela, mjukuu wangu wa Tukuyu. Mpokee vizuri."

Sekela akavuta pumzi.

"Paa, paa, pokea jino.
Unipe jingine jipya."

Akaliachia.

Jino likaanguka juu ya makuti. Pu. Likateleza kidogo. Shwaa. Likateleza tena. Shwaaa.

Wote wanne wakachungulia.

Jino likasimama. Likakaa katikati ya makuti, likatulia.

Na jua likazama.

Sekela akamshika Bi Somoe mkono. "Asante, Bibi."

"Ya nini tena?"

"Ya kunigawia paa lako."

Bi Somoe akamkumbatia, na unga ukabaki kwenye gauni la Sekela.

Jioni walikula wali wa nazi na samaki. Sekela alitafuna kwa pembeni. Alimaliza sahani mbili.

Kisha akapanda kitandani. Mama akamfunika shuka.

"Asante, Bibi," alinong'ona Sekela. "Asante, makuti. Asante, dirisha. Asante, ngazi. Asante, pua ya Baba. Asan..."

Akalala, mdomo wazi.

Upepo wa bahari ukaingia chumbani. Ukapita taratibu kwenye lile pengo jipya.

Fyuu. Fyuu.

"Mama Sekela," alinong'ona Baba, "mtoto wetu amekuwa filimbi."

"Shh," alisema Mama. "Mwache apige."

Fyuu. Fyuu. Fyuu.