Sanduku Lililosubiri Getini

Hodi ya kwanza ilipigwa saa nne kamili asubuhi, mara tatu, kutoka ndani ya kabati la mafaili.

Ofisi ile ilipanga upandikizaji wa figo kwa watoto. Ilikuwa na meza mbili, simu moja, na Mkuu wa kitengo, ambaye tangu mlipuko wa ugonjwa uanze alivaa barakoa tatu na hakumgusa mgonjwa hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kubandika matangazo. Alilolipenda kuliko yote lilisema: kila kitokacho nje kipuliziwe dawa, kisha kikae kwenye meza ya getini kwa muda wa saa sita, ndipo kiguswe.

Hodi ikarudi. Muuguzi mratibu akaweka kalamu chini.

"Mkuu, umesikia?"

"Panya."

"Panya gani huyo mwenye adabu za kubisha hodi?"

Akafungua kabati. Hapakuwa na kitu, ila harufu ya barafu iliyoyeyuka, na maji baridi chini ya faili la Chiriku.

Chiriku alikuwa na miaka saba, na jina hilo alipewa wodini kwa kutonyamaza. Miezi mitano hakuna figo lililofika. Mlipuko ulikuwa umefunga barabara, vyumba vya upasuaji na mioyo ya watu. Kisha, wiki mbili zilizopita, wazazi waliofiwa katika mji mwingine walitoa figo la mtoto wao. Lilifika getini saa nne, ndani ya sanduku la barafu, likiwa limesafiri tangu jana yake. Mlinzi akalisoma tangazo, akalipulizia sanduku dawa, akaliweka mezani juani, kati ya bahasha na marobota ya karatasi za chooni. Ghorofani Chiriku alikuwa amekwishavalishwa gauni la upasuaji, tumbo tupu. Muuguzi aliteremka mara mbili kulichukua. Mara zote mbili Mkuu alimzuia mlangoni.

"Mkuu, ni figo!"

"Kirusi hakiulizi ndani kuna nini. Ukiligusa, kazi huna."

Saa kumi sanduku lilipofunguliwa, barafu ilikuwa maji na figo lilikuwa limekufa. Mkuu akajaza fomu kwa mwandiko mzuri: mgonjwa hakupatikana. Kwa maneno hayo mawili Chiriku akashushwa mpaka mwisho wa orodha.

Sasa hodi ikawa ya kila siku, kuanzia saa nne hadi saa kumi, haizidi wala haipungui, na siku ya tano ikaja na sauti nyembamba iliyosema, "Nimefika, nipokeeni," na baridi ikatambaa sakafuni ikapanda miguu ya viti, na Mkuu, mtu aliyeandika matangazo arobaini na moja, akajikuta amesimama juu ya meza yake ameshika chupa ya dawa, akilipulizia kabati mfululizo huku akimlilia mama yake, mpaka dawa ikaisha na hodi haikuisha.

Akaita mganga, kwa siri. Mganga alifika alfajiri. Mlinzi, kwa utiifu, akampulizia dawa na kumkalisha getini hadi saa nne.

"Nami mmeniweka mezani?" mganga alimuuliza muuguzi alipoingizwa ofisini. Kisha hodi ikapigwa, naye akateremsha sauti. "Ni jini. Mlipewa amana mkaiacha mlangoni, likaingia lenyewe. Linataka kupokelewa. Andikeni figo lilifika saa ngapi, na mgonjwa aliyelingoja alikuwa wapi. Kweli tupu, kisha nitalitoa."

Muuguzi akaweka fomu mbele ya Mkuu.

"Andika, Mkuu. Mtoto atarudi kwenye nafasi yake."

Mkuu akatia sahihi. Kwenye saa akaandika: saa kumi.

Hodi ikakoma. Akajinyoosha, akacheka ndani ya barakoa zake. "Mmeona? Ni suala la utaratibu tu."

Hodi ikapigwa mara tatu, nzito, kama mlango uliofunikwa blanketi. Muuguzi akaligeukia kabati. Mganga hakuligeukia, alikuwa akitazama ubavu wa Mkuu, pale shati lilipoanza kulowa maji baridi.

Mkuu akaikamata kalamu. Akafuta, akaandika saa nne, akaandika mgonjwa alikuwepo ghorofani, tayari. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa chekechea.

"Nimeandika! Litoe!"

"Lingebaki kwenye kabati, ningelitoa," mganga alinong'ona, akifunga mfuko wake.

Muuguzi alikwishachukua fomu. Alikuwa mlangoni, njiani kwenda kumrudisha Chiriku juu ya orodha, Mkuu alipoanguka magotini na kumnyooshea mkono.

"Dada, nishike. Nakuomba, nishike tu."

Akautazama mkono ule, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Haiwezekani, Mkuu. Mpaka saa kumi."